Hodi Ziwani

Kuni za mkorosho zina moshi wake. Zikiwa hazijakauka vizuri hutoa utomvu, moto ukiugusa zinalia na kurusha cheche, na moshi wake unakaa kooni, mchungu, hauondoki hata ukinywa maji. Juzijuzi nilifika msibani Mkange, nikashuka kwenye pikipiki kiuno kimekufa ganzi, na kabla sijampata mtu wa kumpa pole nikaunusa moshi ule ukitoka jikoni uani. Nina watoto wanaonizidi urefu, nilikuwa na mkoba wangu na khanga ya msibani, lakini pale mlangoni nilirudi kuwa mtoto wa darasa la tatu aliyejificha kwenye matete, anamtazama jirani akiwaibia uzio wao.

Aliyefariki ndiye jirani huyo, Bi Mwantumu. Kwa miaka mingi nilimchukia, tena kwa raha zangu zote, maana nilijua nilichokiona. Siku hizi hata hiyo raha sina.

Mama yangu alikuwa mwalimu, mtu wa bara, wa kule Dodoma kwenye ukame. Alipangiwa shule ya Mkange akiwa mjane, mimi nikiwa mgongoni. Upande wetu wa kijiji nyumba ya Wakristo ilikuwa yetu peke yake, na Jumapili mama aliimba nyimbo zake kwa sauti ya chini, dirisha limefungwa, ingawa hakuna aliyewahi kumkataza. Bi Mwantumu ndiye aliyetupokea. Ua wake ulipakana na wetu, na binti yake Zainabu alikuwa rika langu, hivyo mkeka wao nikaulalia kuliko kitanda changu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mdomo wake. "Mwalimu," alimwambia mama, "huko kwenu maji mnayachimba wenyewe, yanakuwa yenu. Haya ya kwetu yana wenyewe. Usiyaingilie kama unaingia sokoni."

Wenyewe walikuwa mamba. Ziwa letu lilikuwa kipande cha zamani cha mto Wami, mto ulihama njia ukaliacha. Watu wa ramani wangeliita bwawa, sisi tuliliita ziwa na hatukutaka ubishi. Ng'ambo palikuwa na mchanga mweupe, na jua likipanda walikuja kuulalia, wakubwa kwa wadogo, midomo wazi, wametulia hata unaweza kusahau kwamba ni wanyama. Mkubwa kupita wote alikuwa jike lenye mkia uliokatika ncha. Kila kiangazi alitaga palepale, akakaa kulinda mayai yake wiki baada ya wiki bila kula cha maana, na kwa ajili hiyo kina mama walimpa heshima yake. Walimwita Bi Mkubwa, na wanaume walipocheka waliambiwa nao wajaribu kukaa na njaa kwa ajili ya watoto.

Kabla ya kuteka maji ulipiga hodi. Unachukua kata ya kifuu, unaipiga bapa juu ya maji, unasema, "Hodi wenyewe." Ng'ambo wale mamba walishtuka wakateleza majini mmoja baada ya mwingine, na mlio wao ulitufikia chubwi, chubwi. Mimi niliamini ndiyo "karibu" yao. Binamu zangu walipotutembelea kutoka bara niliwaambia kwa majivuno kwamba ziwa letu lina adabu, ukilibishia hodi linakuitikia. Zainabu alicheka mpaka akakaa chini, ndipo mama yake akatueleza. Hodi ile ilikuwa ya kutega sikio. Ukisikia wanateleza, umejua wako ng'ambo. Ukipiga hodi pakawa kimya, wako majini tayari, na hujui wapi. "Kimya maana yake rudi nyuma," alisema Bi Mwantumu. "Hata kama ndoo tupu, hata kama mama yako anakusubiri. Rudi."

Ila tulikuwa na uzio. Kila mwaka masika yakiisha, maji yakianza kupungua, kijiji kizima kilishuka ziwani kuujenga upya. Miti ilipigiliwa kwenye tope, imebanana, ikaenda kama nusu duara kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake ndimo kina mama walimotekea na kufulia na sisi tukaoga. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Mti uliotumika ni mkambala, mti mgumu wenye miiba, unaoweza kukaa majini miaka na usioze. Siku za kazi ile watu waliokuwa hawasemezani walisemezana, kwa sababu huwezi kumnunia mtu ambaye kipande chake ndicho kinachomlinda mwanao.

Na kipande kikipitisha mamba, mwenyewe alihama. Wazee hawakumpiga mtu wala kumtoza kitu. Walimwita, wakamwambia, na kabla ya mvua nyingine nyumba yake ilikuwa tupu. Sisi watoto tuliijua nyumba moja ya namna hiyo, tulichuma mapera yake bila kumwomba mtu. Ndiyo maana mgeni hakupewa kipande, alitekea kwa hisani ya wengine. Mama alitekea hivyo kwa muda mrefu, akisubiri wenye vipande wamalize, mpaka Bi Mwantumu alipokwenda kusimama mbele ya wazee. "Mwalimu ni mtu wangu," alisema. "Mpeni kipande kando ya changu, nitamtazama." Jioni ile mama aliimba dirisha likiwa wazi.

Mkambala ulikuwa mbali, na kuukata ni kazi ya wanaume, nasi nyumbani hatukuwa na mwanamume. Nyuma ya shule palikuwa na mikorosho ya zamani. Mama akawaomba wanafunzi wakubwa wakate matawi yaliyonyooka, wakayachonga ncha, wakampigilia kipande chake, kazi ikaisha kwa siku moja. Bi Mwantumu alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Mwalimu, mkorosho ni wa kuni huo."

"Wa muda tu, dada. Likizo nitatafuta mtu wa kunikatia mkambala."

"Likizo hii?"

"Hii hii."

Likizo ikaja, mama akaugua malaria, kisha kukawa na madaftari ya kusahihisha, kisha shule ikafunguliwa. Miti yetu ilisimama vizuri, ya kijivu kama miti ya wenzetu. Ya chini ya maji nani angeyaona?

Jioni moja ya kiangazi tulikuwa watu wengi ndani ya uzio. Hodi ilipigwa, ng'ambo kukawa kimya, lakini hakuna aliyejali sana. Uzio ulijengwa kwa ajili ya siku kama hizo. Mimi na Zainabu tulikuwa tunasuguana migongo kwa kipande cha katani. Nikampa mgongo anisugue, na nilipogeuka tena hakuwepo. Maji yakachafuka. Nakumbuka mayowe, nakumbuka kina mama wakipiga maji kwa ndoo na mitungi, na nakumbuka Bi Mwantumu aliyeingia na nguo zake mpaka kifuani, amemkamata mwanawe kiunoni, anavuta, uso wake umetulia kabisa kama wa mtu anayevuta kamba kisimani. Alimtoa. Mkono wa kulia ulibaki majini, kuanzia chini kidogo ya kiwiko.

Usiku ule hapakuwa na gari. Lori la mkaa lingepita asubuhi kwenda Bagamoyo, hospitali ilikuwa huko. Kulipoanza kupambazuka nikatoroka nyumbani nikaenda ziwani kuutafuta mkono wa Zainabu. Nilikuwa nimemwona fundi akishona mkono wa gauni uliochanika, basi nikadhani ukipatikana nao utashonwa. Sikuwa na wazo jingine kichwani.

Sikuwa peke yangu. Bi Mwantumu alikuwa ndani ya maji, amevaa gauni lilelile la jana lenye damu, anang'oa miti yetu. Siyo yake, yetu. Ilitoka bila kumsumbua, mingine vipandevipande, ncha zake nyeusi zimelegea. Hakuwa amepiga hodi. Aliifunga mzigo kwa khanga, akajitwika, akapita karibu na matete nilimojificha, maji yakimchuruzika. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa anatufukuza. Alikuwa ametupa kipande kwa mdomo wake na sasa anakichukua kwa mikono yake. Niliporudi, jiko lake lilikuwa linafuka moshi ule mchungu, miti yetu inalia motoni.

Nikamwamsha mama nikamwambia, "Bi Mwantumu ameng'oa uzio wetu, anauchoma." Mama alinifunika mdomo kwa kiganja, akanikazia macho. "Hukuona kitu, Neema. Umenisikia? Hukuona kitu, na hutamwambia mtu mpaka ufe." Mkono wake ulitetemeka juu ya midomo yangu. Akanifungia ndani mpaka lori lilipoondoka. Mtoto akimwona mama yake anatetemeka humtafuta aliyemtetemesha, na mimi nilikwisha kumpata. Kuanzia siku ile niliamini Bi Mwantumu ni mtu wa kuogopwa, na woga ule ulipokua ukawa chuki.

Wazee walikwenda kuukagua uzio, wakaukuta mzima, nami nikajua Bi Mwantumu amekwisha kukifanya kipande chetu chake. Maneno yakaenea kwamba mamba alizunguka kwa nchi kavu, akaingia kwa nyuma kupitia matete. Jambo hilo halikuwahi kusikika pale. Mamba wa majini watu waliishi naye, walijua pa kumkuta na pa kumwepuka. Mamba anayetembea nchi kavu kufuata watoto ni kitu kingine. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, akaitwa, akaja na bunduki, na Bi Mkubwa akapigwa risasi palepale alipokuwa analinda mayai yake, maana hakutaka kukimbia. Walimpasua tumbo, hawakukuta mkono wala chochote. Nilisimama mbele kabisa nikapiga makofi.

Mama akaomba uhamisho, tukahamia Msata. Siku ya kuondoka Bi Mwantumu alikuja na mchele kwenye kitambaa, akamwekea mama mikononi, wakashikana hivyo muda mrefu. Mimi sikumpa shikamoo. Mama hakunigombeza, nami nikaona huo ndio uthibitisho.

Msata magari yanapita mchana na usiku, na habari zinapita nayo. Tulisikia kwamba watu wa Mkange wanafukua mayai mchangani, kitu ambacho zamani mtu hakuthubutu. Tulisikia wamekuja wageni wanaonunua ngozi. Baadaye makokoro, zile nyavu za kukokota, yakaingia ziwani, na mamba wadogo walionasa wakapigwa marungu kama panya wa ghala. Kila mtu alisema sawa tu, mamba wa ziwa lile si wa kawaida, wanatembea nchi kavu. Mimi nilifurahi. Mama alikuwa akisikia habari hizo anainuka, anatoka nje, anajifanya anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Mama alipofariki, Bi Mwantumu alikuja Msata kuzika. Alikuwa amezeeka. Nilimpa mkono bila kuinama, naye akaushika kwa mikono yake miwili. "Mwanangu," alisema, "uje siku moja Mkange, nina maneno na wewe." Nikajibu, "Nitakuja, Inshallah," kwa sauti ile ambayo kila mtu anajua maana yake ni hapana. Ni mwendo wa pikipiki tu kutoka barabara kuu. Sikwenda mpaka nilipoitwa kumzika.

Basi nilipofika nikaenda moja kwa moja jikoni. Zainabu alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anasukuma ukuni ndani kwa mkono wake wa kushoto, kigutu cha kulia amekilaza gotini. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukapeana pole.

"Bado mnatumia mkorosho," nikamwambia.

"Mama hakupenda. Hata siku moja hakuuwasha tena jikoni kwake tangu siku ile. Leo wapishi ndio walioleta, sikuwa na nguvu ya kukataza." Akakohoa. "Ulimwona, sivyo? Mama aliziona nyayo zako kwenye tope."

Nikamwambia nilichokiona. Nikamwambia hata kwamba nilimchukia mama yake, kwa kuwa siku ya msiba uongo unachosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila hasira, "Ulikimbia mapema, Neema. Ungengoja kidogo."

Bi Mwantumu alirudi ziwani asubuhi ileile. Alikuwa na mkambala wake umeegemezwa nyuma ya jiko, alikatiwa na kaka yake kwa ajili ya kukarabati kipande chake mwenyewe. Alipokuwa majini jioni ile, anamvuta mwanawe, nyayo zake zilikanyaga miti yetu iliyooza, akajua mamba kapita wapi. Akaing'oa, akaichemshia maji ya kumwosha Zainabu kidonda, halafu akarudi na miti yake akaupigilia uzio wetu ukawa mzima. Wazee walipomfuata kabla lori halijaondoka kumuuliza mamba alitokea wapi, aliwaambia nchi kavu. Nani angembishia mama wa mtoto?

"Wangewahamisha," alisema Zainabu. "Mwalimu angekwenda wapi na wewe? Na mama ndiye aliyemsimamia mbele ya wazee. Alisema, mkono wa mwanangu umeshakwenda, nikimfukuza Mwalimu hautarudi. Akadhani atatoa mamba mmoja tu, yaishe." Akageuza ukuni. "Hakujua watawamaliza wote."

Mama yangu alijua. Alijua tangu nilipomwamsha, na aliondoka Mkange kwa sababu hakuweza kumtazama Zainabu kila siku, na mimi nikageuza aibu yake kuwa ubaya wa mtu mwingine. Najuta. Najuta zaidi kwamba yule mama alikuja Msata kwa miguu yake iliyovimba ili aniambie, nikamnyima hata goti.

Zainabu akanieleza mengine. Miaka ya mwisho mama yake alishuka ziwani kila asubuhi, akapiga hodi, akasikiliza. Kila aliyetoka upande wa Wami, yeye alimuuliza kama kaona hata mtoto wa mamba. Mwaka jana walikuja vijana wa utafiti na mtumbwi na tochi zao, wakazunguka ziwa zima kutafuta macho ya mamba yanayong'aa. Asubuhi Bi Mwantumu alikuwa anawangoja ukingoni.

"Mmewaona?" aliwauliza.

"Hapana, bibi. Hamna hata mmoja, labda huko mtoni. Mko salama sasa," kijana mmoja akamjibu, akitabasamu.

Alirudi nyumbani akalala, na siku ile hakula.

Tulipomaliza kuwapakulia wageni nikamwomba Zainabu anipeleke. Njia ilikuwa ileile lakini sikuitambua. Ukingoni kuna bustani za nyanya na bamia, mashine ya maji inakoroma, na pale ng'ambo palipokuwa na mchanga mweupe mtu amelima matikiti. Uzio haupo, wala kisiki chake. Vijana wanaoga popote wanapotaka, na Zainabu alisema kazi ya kujenga pamoja haipo tena kijijini, kila mtu na kisima chake na kufuli yake. Kulikuwa na watoto wamejazana majini. Zainabu akawapigia kelele watoke, wakatoka huku wanacheka, mmoja akasema, "Bibi Zainabu naye kama marehemu, anaogopa samaki."

Zainabu alikuwa amebeba kata ya mama yake, nyeusi kwa uzee, mpini umefungwa waya. Akanipa. Nilishuka mpaka maji yakanifika vifundoni, nikaipiga bapa.

"Hodi wenyewe," nikasema.

Tulisikiliza. Watoto nao walinyamaza, sijui kwa adabu au kwa kutushangaa, na mwenye mashine alikuwa ameizima ili aongeze mafuta. Ng'ambo pakawa kimya. Nilitega sikio kwa nguvu zangu zote, mimi niliyepiga makofi, nikiomba nisikie japo mmoja akiteleza.

Zainabu akanishika bega kwa mkono wake mmoja. "Kimya," alisema. "Rudi nyuma."

Tukarudi nyuma.